Kuhama, Kuhamia na Kuhamisha: Lugha ya Jamii za Mashabiki katika Majukwaa ya Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya isimujamii, dhana ya jamiilugha imefungamanishwa na mahali kwa muda mrefu. Wanaisimu walipozungumzia wasemaji wa Kiamu, Kimvita au Kiunguja, walikuwa na ramani mbele yao: kisiwa, mji au mtaa. Hata pale wasemaji walipohama, walihama kutoka mahali panapoonekana kwenda mahali pengine panapoonekana, na athari za safari yao ziliweza kufuatiliwa katika matamshi na msamiati wa wajukuu wao. Intaneti imeleta hali tofauti. Leo kuna jamii za watu ambao hawajaonana ana kwa ana wala hawaishi katika nchi moja, lakini wana msamiati wao, kaida zao za mazungumzo, utani wao na historia yao. Mahali pao pa kukutania ni jukwaa la mtandaoni, na kwa kawaida jukwaa hilo ni mali ya kampuni. Jukwaa likibadilishwa, likiuzwa au likifungwa, jamii nzima hulazimika kutafuta pengine pa kukaa.

Mhadhara huu unachunguza uhamaji wa aina hiyo kwa kutumia mfano wa jamii za mashabiki, yaani watu wanaounganishwa na mapenzi yao kwa kazi fulani ya sanaa, iwe riwaya, filamu au tamthilia ya televisheni. Kundi linaloangaliwa hasa ni la mashabiki, wengi wao watumiaji wa Kiingereza, ambao hutunga na kusomeana hadithi mpya zinazotumia wahusika wa kazi hizo. Kundi hili limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, limehama mara nyingi, kiasi kwamba mwelekeo wa uhamaji wake unaweza kubainishwa. Pili, wanajamii wake wameandika mengi kuhusu safari zao wenyewe, jambo ambalo ni nadra miongoni mwa watumiaji wa mtandao.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jamii kama hizi hudumu kwa sababu ya kaida za lugha wanazobeba wanajamii, wala si kwa sababu ya jukwaa. Hata hivyo, kumbukumbu za lugha hiyo hazibebeki kwa urahisi kama kaida zenyewe. Kumbukumbu huponea pale tu ambapo jamii imechukua jukumu la kuzihifadhi. Hoja hii ina maana ya pekee kwa wataalamu wa Kiswahili, kwa kuwa sehemu kubwa ya Kiswahili kinachoandikwa leo huandikwa katika majukwaa ya namna hiyo hiyo.

2.0 Baraza na Mwenye Nyumba

Ili kuielewa hali ya jamii hizi, dhana ya baraza inaweza kusaidia. Katika miji ya pwani, baraza ni sehemu ya nje ya nyumba ambapo majirani na wapita njia huketi jioni wakazungumza. Mazungumzo ni ya wote walioketi, lakini baraza ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba akiwa mkarimu, watu husahau kwamba wako kwake. Siku akiuza nyumba, akijenga ukuta au akikataza mazungumzo ya aina fulani, ndipo wanapokumbuka kwamba hawakuwa na haki yoyote juu ya mahali walipopazoea kwa miaka mingi.

Jukwaa la mtandaoni lina sifa hizo hizo, pamoja na tofauti moja kubwa. Maneno yaliyosemwa barazani hubaki katika vichwa vya waliosikia. Maneno yaliyoandikwa katika jukwaa hubaki ndani ya seva za mwenye jukwaa. Watu wanaweza kuondoka, lakini maneno yao hayaondoki nao isipokuwa mtu ameyanakili.

Kiswahili chenyewe kinatoa njia nzuri ya kuligawa suala hili. Kutokana na mzizi -ham- hupatikana vitenzi vitatu vinavyotazama tendo moja kutoka pande tatu. Kuhama hutazama mahali panapoachwa, na swali lake ni sababu. Kuhamia hutazama mahali panapoendewa, na swali lake ni uteuzi. Kuhamisha hutazama kile kinachochukuliwa, na swali lake ni mizigo: kipi kimebebwa na kipi kimeachwa. Sehemu tatu zinazofuata zinafuata mpangilio huo.

3.0 Kuhama: Sababu za Kuondoka

Mashabiki walikuwapo kabla ya intaneti. Tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Star Trek, iliyorushwa kwa mara ya kwanza kuanzia mwaka 1966 hadi 1969, ilizaa majarida madogo yaliyochapishwa na mashabiki wenyewe na kutumwa kwa posta. Mojawapo ya majarida ya mwanzo, Spockanalia, lilitoka mwaka 1967. Baadaye mazungumzo yalihamia katika Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano ulioanza mwaka 1980 katika vyuo vikuu vya Marekani, kisha katika orodha za barua pepe. Mwaka 1998 ilianzishwa tovuti ya FanFiction.net, na mwaka 1999 Brad Fitzpatrick akaanzisha LiveJournal, ambako kila mtumiaji aliweza kuwa na shajara yake na kuamua nani asome nini.

Safari hizo za mwanzo zilisukumwa zaidi na mvuto wa teknolojia mpya. Zilizofuata zilisukumwa na wenye nyumba. Mwaka 2002, FanFiction.net ilipiga marufuku hadithi zilizokusudiwa kwa watu wazima pekee, na waandishi wa hadithi hizo wakaziondoa au wakaondolewa. Mwishoni mwa Mei 2007, LiveJournal, ambayo wakati huo ilimilikiwa na kampuni ya Six Apart, ilifunga takriban akaunti 500 kwa madai kwamba zilihusiana na unyanyasaji wa watoto au uhalifu mwingine wa kijinsia. Kigezo kilichotumika kilikuwa orodha ya mambo ambayo watumiaji walitaja kuwa yanawavutia. Mtu aliyeandika neno fulani kwa sababu anasoma riwaya inayohusu suala hilo, au kwa sababu ni manusura anayetafuta wenzake, alihesabiwa sawa na mhalifu. Kampuni iliomba radhi na kurejesha akaunti nyingi, lakini imani ilikuwa imevunjika. Kwa kuwa majina ya akaunti zilizofungwa yalionekana yamepigwa mstari katikati, mashabiki waliliita tukio hilo kwa jina la mstari huo, nalo limebaki kuwa tarehe muhimu katika historia yao.

Kwa mtazamo wa isimu, tukio hili lina funzo bayana. Kampuni ilisoma maneno bila muktadha, ikachukulia kwamba neno lina maana moja popote linapotumika. Jamii iliyoathirika ilikuwa inatumia maneno hayo hayo kwa maana inayotokana na kaida zake. Mgogoro ulihusu sera, lakini kiini chake kilikuwa kosa la kipragmatiki.

Kosa la namna hiyo lilijirudia miaka 11 baadaye katika Tumblr, jukwaa lililoanzishwa na David Karp mwaka 2007 na kununuliwa na Yahoo mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.1. Mnamo Novemba 2018 programu ya Tumblr iliondolewa katika duka la Apple baada ya picha za unyanyasaji wa watoto kugunduliwa humo. Mwezi uliofuata jukwaa lilitangaza kwamba kuanzia tarehe 17 Desemba 2018 maudhui ya watu wazima hayataruhusiwa tena. Kazi ya kuyatambua ilipewa mashine, nayo ilizifungia hata picha zisizo na hatia. Mwaka 2019 Tumblr iliuzwa kwa kampuni ya Automattic kwa bei ambayo vyombo vya habari viliripoti kuwa chini ya dola milioni 3. Bei hizo mbili, zilizotenganishwa na miaka 6 tu, zinaonesha kwamba mnunuzi alinunua programu na seva, ilhali thamani ilikuwa katika mazungumzo ya watu ambao hakuwa na uwezo wa kuwazuia wasiondoke.

Hata hivyo, si kila uhamaji husababishwa na marufuku. Wakati mwingine kibadilikacho ni kitu kidogo mno machoni pa mwenye jukwaa. Mashabiki wengi walitumia huduma iitwayo Delicious kuweka na kupanga viungo vya hadithi walizozipenda. Kila kiungo kilipewa lebo, na katika lebo hizo majina ya wahusika wawili waliopendana yaliunganishwa kwa alama ya mkwaju, yaani ule mstari ulioinama. Desturi hiyo ya kuandika ilikuwa imeanza tangu enzi ya majarida ya karatasi. Mwaka 2011 huduma iliuzwa na kusanifiwa upya, na katika muundo mpya lebo zenye mkwaju hazikuweza kutafutwa ipasavyo. Kwa mhandisi hiyo ilikuwa alama moja ya uakifishaji. Kwa mashabiki ilikuwa sarufi ya orodha yao yote, nao wakaondoka kwa wingi.

Watafiti wawili wa Marekani, Brianna Dym na Casey Fiesler, walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa uhamaji wa jamii hizi uliotokana na mahojiano 28 na majibu 1,886 ya hojaji. Uchunguzi wao uliangalia sera, muundo wa majukwaa na uhusiano wa watu kwa pamoja, na mtazamo huo unaafikiana na mifano iliyotajwa hapa. Ni nadra watu kuhama kwa sababu moja. Kwa kawaida manung'uniko hulimbikizana kwa muda mrefu, kisha tukio moja huwa ndilo linalowaondoa.

4.0 Kuhamia: Uteuzi wa Makao Mapya

Kuondoka ni uamuzi wa mtu mmoja mmoja, lakini kuhamia ni uamuzi wa kundi. Mtu anayehama peke yake hufika katika baraza tupu. Kwa hiyo wengi hubaki katika jukwaa wasilolipenda kwa sababu wenzao bado wako humo, na wenzao nao hubaki kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana baada ya tukio la 2007 LiveJournal haikuhamwa kwa siku moja. Wengine walifungua akaunti katika majukwaa yaliyoiga muundo wake, wengine walisubiri Dreamwidth ilipofunguliwa mwaka 2009, na vijana waliojiunga baadaye walianzia moja kwa moja katika Tumblr. Kwa miaka kadhaa watu wengi walikuwa na nyumba mbili, wakiandika katika mpya na kurudi ya zamani kusoma maoni. Kampuni ya Kirusi SUP ilikuwa imeinunua LiveJournal mwishoni mwa 2007. Seva zake zilipohamishiwa Urusi mwishoni mwa 2016, na masharti mapya ya matumizi yalipotolewa Aprili 2017, wengi wa waliokuwa wamesalia waliondoka.

Uteuzi wa mahali pa kuhamia una sura tatu. Sura ya kwanza ni ya mpangaji anayetafuta mwenye nyumba mwingine. Tumblr ilikuwa makao ya namna hiyo: ilivutia kwa picha na kasi, lakini masharti yalibaki mikononi mwa mwenye nyumba.

Sura ya pili ni ya mwenye nyumba anayesikiliza. Delicious ilipoharibika, mmiliki wa huduma ndogo iitwayo Pinboard, Maciej Cegłowski, aliwauliza mashabiki wanahitaji nini. Walimjibu kwa kuandika kwa pamoja waraka mrefu wa makumi ya kurasa, wenye mpangilio na mifano, ukieleza jinsi wanavyotumia lebo na kwa nini. Waraka huo unaweza kuangaliwa kama maelezo ya sarufi yaliyoandikwa na wasemaji wenyewe kwa ajili ya mgeni anayetaka kujifunza. Cegłowski alitekeleza mengi ya waliyoyaomba, na mashabiki walimlipa ada aliyoidai bila kinyongo.

Sura ya tatu ni ya kujenga nyumba yao wenyewe. Mei 2007, katika mwezi huo huo wa kufungwa kwa akaunti za LiveJournal, mashabiki walikuwa wakibishana kuhusu FanLib, kampuni iliyokusudia kupata faida kutokana na hadithi zao. Katika mjadala huo mwandishi Naomi Novik alitoa pendekezo la kujenga hifadhi itakayomilikiwa na mashabiki, isiyo na matangazo ya biashara. Mwaka huo ikaundwa jumuiya isiyo ya kibiashara iitwayo Organization for Transformative Works. Hifadhi yake, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa watumiaji wa jumla Novemba 2009. Jina lake linakumbusha insha ya Virginia Woolf ya mwaka 1929 kuhusu mwanamke mwandishi na haja ya kuwa na chumba chake mwenyewe. FanLib ilifungwa mwaka 2008. Archive of Our Own inaendeshwa kwa michango na kazi ya kujitolea, ilitunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 2019, na katika miaka ya 2020 imepita kazi milioni 10. Watu waliojaribu njia zote tatu wamethibitisha kwa vitendo methali isemayo kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Kuna pia uhamiaji wa lazima, ambapo nchi nzima hutolewa katika jukwaa kwa wakati mmoja. Tarehe 30 Agosti 2024 Mahakama Kuu ya Brazili iliamuru jukwaa la X, lililoitwa Twitter hadi Julai 2023, lifungwe nchini humo, na amri hiyo ilidumu hadi tarehe 8 Oktoba. Akaunti za mashabiki wa wasanii wa kimataifa zilizoendeshwa na Wabrazili ziliaga wafuasi wao duniani kote, na wengi wa wafuasi hao ndipo walipotambua kwamba waliokuwa wakiwahabarisha kwa Kiingereza walikuwa watu wa Brazili. Jukwaa la Bluesky lilipata watumiaji wapya zaidi ya milioni 2 katika muda wa siku chache, na Kireno kikasikika humo ghafla kwa nguvu. Mfano huu unaonesha kwamba katika mtandao lugha moja inaweza kuvuka mpaka ndani ya wiki moja, jambo ambalo katika nchi kavu lingechukua vizazi.

5.0 Kuhamisha: Kilichobebwa na Kilichoachwa

Mizigo ya wahamaji hawa ni ya aina tatu: kaida, mazungumzo na matini. Kila aina ina hatima yake.

Kaida ndizo zinazobebeka vizuri zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, mashabiki wa tamthilia ya The X-Files waligawanyika kuhusu iwapo wahusika wakuu wawili wapendane au wasipendane. Waliotaka mapenzi walijiita kwa neno lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya uhusiano, kisha neno hilo likakatwa kichwa likabaki "shipper". Kutokana na nomino hiyo ukazaliwa unyambuzi wa kinyume, kitenzi "ship". Maneno hayo yalitoka Usenet yakapita LiveJournal na Tumblr, na sasa yamo katika kamusi za kawaida za Kiingereza. Hakuna jukwaa hata moja kati ya hayo lililoyamiliki. Alama ya mkwaju nayo ilisafiri kutoka karatasi hadi mtandaoni, pamoja na desturi ya kutanguliza kila hadithi kwa maelezo mafupi ya wahusika, urefu na tahadhari kwa msomaji.

Mazungumzo hubebeka, lakini hubadilika umbo kulingana na nyumba. LiveJournal ilipanga maoni kwa ngazi, kila jibu chini ya kauli lililoijibu. Mpangilio huo ulilea mijadala mirefu yenye hoja na majibu. Tumblr haikuwa na ngazi hizo. Mtu aliyetaka kujibu alilazimika kulirudia andiko zima katika ukurasa wake na kuongeza neno chini, hata andiko likawa refu na mwanzilishi asijue limefika wapi. Katika mazingira hayo mashabiki waligundua matumizi mapya ya lebo. Lebo zilikusudiwa kuainisha maandiko, lakini kwa kuwa hazikusafiri pamoja na andiko liliporudiwa, wao walizitumia kusema pembeni: kutania, kunong'ona, kukiri hisia. Kwa hiyo kipengele cha uainishaji kiligeuka kuwa rejista ya faragha mbele ya umma. Hili ni thibitisho kwamba wasemaji huishi ndani ya mipaka ya chombo, lakini pia hukipinda chombo kitimize mahitaji yao.

Tabia hiyo ya kuandika lebo kama sentensi iliwafuata mashabiki hadi Archive of Our Own, na huko ilikutana na mfumo ambao kila mwanaleksikografia anapaswa kuujua. Mwandishi yuko huru kuandika lebo kwa namna apendavyo. Wafanyakazi wa kujitolea huzisoma lebo hizo na kuziunganisha: zenye maana moja hufungwa kwenye umbo moja kuu, ili anayetafuta kwa umbo lolote apate zote. Umbo la mwandishi halifutwi wala halisahihishwi. Hapa wataalamu wa Kiswahili watakumbuka njia iliyochukuliwa na usanifishaji wa lugha yao. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, lengo lilikuwa umbo moja lichukue nafasi ya mengine katika vitabu vya shule. Mfumo wa hifadhi hii una lengo jingine: umbo kuu lipo kama mlango, na maumbo mengine yanabaki vyumbani. Bila shaka mahitaji ya shule si mahitaji ya hifadhi, lakini ulinganisho huu unaonesha kwamba upatikanaji na usare si kitu kimoja.

Mzigo wa tatu, yaani matini zenyewe, ndio unaopotea. Huduma ya GeoCities, ambamo maelfu ya kurasa za mashabiki ziliwekwa, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Oktoba 2019 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba itafuta yaliyomo katika Yahoo Groups, na Desemba 2020 huduma yenyewe ikafungwa. Humo ndimo zilimokuwa orodha za barua pepe za mashabiki za takriban miaka 20. Watu wa kujitolea walihangaika kunakili walichoweza, lakini hawakuweza kunakili vyote. Hifadhi ya mashabiki ina mradi uitwao Open Doors unaopokea hifadhi ndogo zilizo hatarini. Hata hivyo, kinachookolewa kwa kawaida ni hadithi. Ubishi, maswali na vicheko vilivyozizunguka hadithi hizo, ambavyo kwa mwanaisimu ni data adhimu, mara nyingi hupotea.

Ni lazima pia kutambua kwamba si kila mtu anataka maneno yake yahifadhiwe. Wengi waliandika katika makundi yaliyofungwa, kwa majina ya kubuni, wakiamini kwamba wanasikilizwa na wachache. Kunakili bila ridhaa kunaweza kuwadhuru. Archive of Our Own imelishughulikia suala hili kwa njia ya kibinadamu: mwandishi anayetaka kujitenga na kazi yake anaweza kuifanya iwe yatima, yaani jina lake linaondolewa moja kwa moja, lakini kazi inabaki kwa wasomaji wake. Uhifadhi na faragha si lazima vigombane iwapo wenye maneno wamepewa nafasi ya kuamua.

6.0 Kiswahili Kilichopanga

Yaliyoelezwa kuhusu mashabiki wa Kiingereza yana uhusiano wa moja kwa moja na Kiswahili. Fasihi ya Kiswahili inaijua kazi ya kuhamisha matini kwa mkono. Utendi wa Tambuka unajulikana leo kwa sababu kuna muswada wake wa mwaka 1728. Huko Lamu, Muhamadi Kijuma alinakili tenzi nyingi kwa mwandiko wa Kiarabu, na baadhi ya miswada yake imehifadhiwa London. Zilizopata mnakili ziliokoka, na zisizopata zilikwenda na wenyewe.

Leo baraza la Kiswahili ni la umeme. JamiiForums, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, limekuza kaida za mazungumzo ambazo msemaji yeyote wa mtandaoni anazitambua. Mnyororo wa majibu huitwa "uzi", aliyeanzisha huitwa "mleta mada", na asiyefahamika kwa umri wala cheo huitwa "mkuu". Matumizi haya ya "mkuu" yanastahili kuchunguzwa. Katika mazungumzo ya ana kwa ana msemaji wa Kiswahili huchagua baina ya mzee, dada, kaka, mwalimu au ndugu kwa kumtazama anayesema naye. Penye majina ya kubuni hakuna cha kutazama. Jamii ikateua neno moja la heshima linaloweza kumfaa yeyote, na adabu ikapata njia. Maneno hayo yamevuka hadi majukwaa mengine, kama yalivyovuka maneno ya mashabiki wa The X-Files.

Hata hivyo, mwanafunzi anayetaka kujua "uzi" ulianza lini kuwa na maana hiyo, au "mkuu" lilishindana na maneno gani kabla ya kushinda, anategemea seva zisizo chini ya chuo kikuu wala maktaba yoyote. Mwezi Juni 2018 JamiiForums ililazimika kusimamisha huduma kwa muda, baada ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni kuanza kutumika Tanzania. Facebook na X zina masharti yanayoamuliwa nje ya Afrika Mashariki. Mazungumzo ya makundi ya WhatsApp yamo ndani ya simu za wenyewe, na simu ikipotea hupotea nayo, isipokuwa yamehifadhiwa kwingine. Hazina ya matini ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, imewafaa watafiti wengi, lakini msingi wake ni magazeti na vitabu. Kiswahili cha barazani, ambamo msamiati huzaliwa, hakina hazina inayolingana na hiyo.

7.0 Hitimisho

Uhamaji wa jamii za mashabiki unaonesha mambo matatu. Kwanza, watu huhama pale mwenye jukwaa anapoacha kuelewa lugha inayozungumzwa humo, hata kama kosa lake linahusu neno moja au alama moja. Pili, wanakohamia hutegemea wenzao walipo, na makao yenye usalama wa kudumu ni yale waliyoyajenga wenyewe kwa michango na jasho lao. Tatu, wanachohamisha kwa urahisi ni kaida, na wanachokiacha nyuma ni kumbukumbu.

Kwa Kiswahili, hatua zinazofuata haziko nje ya uwezo. Idara za Kiswahili zinaweza kufanya makubaliano na wenye majukwaa ya ndani ili nakala za mijadala ya wazi ziwekwe katika maktaba za vyuo. Zinaweza kuwafundisha wanafunzi kuomba ridhaa, kuficha majina na kuandika tarehe wanapokusanya data za mtandaoni. Zinaweza pia kuwatambua watumiaji wa kawaida kuwa washirika katika kazi hiyo, kama mashabiki walivyojitambua wenyewe, kwa maana waraka wa Pinboard na hifadhi ya lebo havikuandikwa na maprofesa. Vizazi vilivyopita vilinakili tenzi kwa wino na karatasi ya kuagiza, bila ruzuku, na kwa sababu hiyo kuna cha kufundisha leo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maneno ni mali ya kizazi hiki, na daftari lake kwa sasa liko katika nyumba za kupanga.